Nani Aguse Ukurasa: Historia ya Mifumo ya Kuhariri Nyaraka za Programu Huria

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya asili ya waundaji kabla hayajageuzwa kuwa maagizo ya mashine, umewekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuugawa upya. Kila programu ya namna hiyo yenye watumiaji wengi ina pia nyaraka zake: miongozo ya kuisakinisha, maelezo ya kila amri, mifano ya matumizi na orodha ya kasoro zinazojulikana. Vitabu vya historia ya kompyuta vimezungumza sana juu ya msimbo na mafundi walioutunga, lakini nyaraka vimezitaja kwa kupita tu, ingawa waliosoma mwongozo wa lugha fulani ya kuandikia programu daima wamekuwa wengi kuliko waliowahi kufungua msimbo wa lugha hiyo yenyewe. Upungufu huo ni wa kusikitisha, kwa sababu ni katika nyaraka ndimo swali la nani ana haki ya kugusa kazi ya pamoja lilimoulizwa kwa uwazi zaidi. Msimbo hujilinda kwa kiasi fulani, kwa kuwa kosa kubwa huifanya programu ikatae kufanya kazi. Sentensi isiyo ya kweli haikatai kusomwa. Ndiyo maana kila aliyebuni mfumo wa kuhariri nyaraka kwa njia ya mtandao alilazimika kuamua mapema ni nani aruhusiwe kubadili ukurasa, na kama badiliko lake lionekane kwa wasomaji kabla ya kukaguliwa au baada yake. Ukiitazama historia ya miongo mitano, inaonekana kwamba kilichoamua uhai wa mifumo hiyo ni namna ilivyotunza alama ya nani alibadili nini, na kama kazi iliyomwachia mkaguzi ilikuwa inabebeka.

Chimbuko la desturi hii liko katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix tarehe 3 Novemba 1971. Unix ni mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia kompyuta nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na kwa wakati huo haikuwa programu huria kwa maana ya leo. Hata hivyo mwongozo wake uliweka kanuni zilizorithiwa na karibu wote waliofuata. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na vichwa vilevile: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo yake, mafaili yanayohusika na kasoro zake. Kichwa hicho cha kasoro kinastahili heshima, kwa sababu waundaji walikiri hadharani, ndani ya mwongozo wao wenyewe, mahali ambapo kazi yao ilikuwa haijakamilika. Toleo hilo la kwanza lilimtaja pia mwenye amri kwa jina lake fupi la kuingilia kwenye kompyuta, «ken» kwa Thompson na «dmr» kwa Ritchie, kiasi kwamba aliyeona kosa alijua amwendee nani.

Utaratibu huo ulitosha kwa watu waliofanya kazi katika jengo moja. Waandishi walipokuwa wengi na kutawanyika, palihitajika vyombo vya kutunza kumbukumbu ya mabadiliko, na vyombo hivyo vilikuja kimoja baada ya kingine chini ya jina la udhibiti wa matoleo: programu inayohifadhi kila hali ambayo faili limewahi kuwa nayo, pamoja na jina la aliyelibadili, saa na sababu. Marc Rochkind aliunda SCCS katika maabara za Bell mwaka 1972, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa RCS mwaka 1982, na mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam, akatoa CVS. Katika mifumo miwili ya kwanza, aliyetaka kuhariri faili alilifunga kwanza, na wengine wakasubiri mpaka alifungue. CVS iliwaruhusu watu wengi kuhariri faili moja kwa wakati mmoja, kisha ikaunganisha kazi zao na kuwaonyesha mahali walipogongana. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iliyochukua orodha ya tofauti kati ya matoleo mawili ya faili na kuipachika tofauti hiyo kwenye nakala ya mtu mwingine. Orodha hiyo huitwa kiraka. Umuhimu wake kwa historia hii ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani kiraka kilimwezesha mtu asiyejulikana na asiye na ruhusa yoyote kupendekeza badiliko la maneno mawili katika kitabu cha kurasa mia tano, na mwenye kitabu akasoma mistari michache tu kabla ya kukubali au kukataa. Mifumo mingi ya kuhariri mtandaoni iliyokuja baadaye, hata ile yenye vitufe vya kupendeza, imejengwa juu ya wazo la kiraka.

Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwezi Septemba 1983, ulizichukulia nyaraka kuwa sehemu ya programu yenyewe, si nyongeza. Mfumo wake wa Texinfo ulimwezesha mwandishi kuandika maandishi mara moja na kupata kutoka humo kitabu cha kuchapwa na pia mwongozo wa kusomwa kwenye skrini. Baada ya Linus Torvalds kutoa Linux mwaka 1991, Matt Welsh, Lars Wirzenius na Michael K. Johnson walianzisha mwaka uliofuata mradi wa nyaraka za Linux, uliozaa miongozo mifupi ya kazi mahususi, kama vile kuunganisha printa au kuweka mtandao, kila mmoja ukiwa na mwandishi wake. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa uleule wa mwongozo wa Unix uliotandazwa dunia nzima: mwandishi alipoajiriwa kwingine au alipochoka, mwongozo wake uliendelea kusomwa kwa miaka huku ukieleza mashine ambazo hazikuwa tena sokoni, na msomaji aliyejua jibu sahihi hakuwa na njia rahisi ya kuliingiza. Wakati huohuo miradi mikubwa iliegemea DocBook, mfumo wa lebo ulioanzishwa mwaka 1991 na kampuni ya HaL na wachapishaji O'Reilly, ambamo mwandishi hasemi maneno yaonekane vipi bali husema maneno hayo ni nini: hili ni jina la amri, hili ni jina la faili, hili ni onyo. Maandishi yaliyowekwa lebo hivyo yaliweza kugeuzwa kuwa kurasa za tovuti, kitabu au faili la PDF bila kuguswa. Gharama yake ilimwangukia mwandishi, aliyelazimika kujifunza mamia ya lebo kabla ya kusahihisha herufi moja.

Jibu lililokuwa kinyume kabisa na hilo lilitoka Portland, jimbo la Oregon, ambako Ward Cunningham alifungua wiki ya kwanza tarehe 25 Machi 1995. Wiki ni tovuti ambayo kila ukurasa wake una kiungo cha kuuhariri, na yeyote anayeusoma anaweza kuubadili papo hapo kwa alama chache nyepesi, bila kuomba ruhusa na bila kusubiri mkaguzi. Cunningham alihamisha ukaguzi kutoka kabla ya kuchapisha hadi baada yake: wengi wakisoma, kosa litaonwa na kuondolewa. Wiki za mwanzo hazikutunza historia kamili ya kurasa, na hilo ndilo lililozitesa, kwa sababu ukurasa ulioharibiwa mara mbili mfululizo ungeweza kupoteza hali yake njema. Programu iliyoandikwa mwaka 2002 kwa ajili ya Wikipedia, ambayo baadaye iliitwa MediaWiki, ilihifadhi kila toleo la kila ukurasa bila kikomo, na kwa kufanya hivyo ikaufanya uharibifu kuwa jambo la kurekebishwa kwa kubofya mara moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imekua juu ya msingi huohuo, na wengi wa wasemaji wa Kiswahili waliowahi kuhariri ukurasa wa mtandaoni walijifunzia hapo.

Swali linalofuata ni kwa nini miradi ya programu haikuhamia wiki mara moja na kumaliza shida. Ilijaribu, na mingi ikarudi nyuma. Makala ya kamusi elezo ina hali moja tu, ya sasa. Nyaraka za programu zina hali nyingi zinazoishi pamoja, kwa kuwa mtu anayetumia toleo la mwaka juzi ana haki ya kusoma maelezo ya toleo lake, na maelezo ya toleo lijalo yanapaswa kuandikwa kabla halijatoka bila kuwachanganya wasomaji wa leo. Udhibiti wa matoleo unayaweza hayo kwa matawi, yaani mikondo sambamba ya faili moja, lakini wiki za kawaida hazikuwa nayo. Pia aliyebadili msimbo alihitaji kubadili maelezo yake katika tendo hilohilo, jambo lisilowezekana ikiwa msimbo uko katika hifadhi moja na maelezo yako katika tovuti nyingine kabisa.

Hakuna mradi uliobeba uzito wa maswali haya kwa muda mrefu na kwa uwazi kama ule wa PHP, lugha ya kuandikia programu za upande wa seva, yaani zile zinazotayarisha ukurasa kabla haujafika kwenye kivinjari cha msomaji. Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, na baada ya Zeev Suraski na Andi Gutmans kuiandika upya, toleo la tatu lilitoka mwezi Juni 1998 likiwa na mwongozo ulioandikwa kwa DocBook na kutunzwa katika CVS. MediaWiki yenyewe imeandikwa kwa PHP, na vivyo hivyo WordPress, ambayo juu yake zimejengwa tovuti nyingi za magazeti, shule, mashirika na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Mafundi wa tovuti hizo, kama wenzao wa kwingineko, waliukimbilia mwongozo wa PHP kila walipokwama.

Mwongozo huo uligawanywa katika vipande vidogo mno. Kila kazi iliyomo katika lugha, kwa mfano «strlen» inayorudisha urefu wa maandishi kwa baiti, ilipewa faili lake lenyewe, na njia ya kulifikia faili hilo ilikuwa ileile katika kila lugha ya binadamu: palipokuwa na faili la Kiingereza kwenye kabrasha lake, tafsiri ya Kifaransa au ya Kijapani ilikaa kwenye kabrasha sambamba kwa jina lilelile. Uamuzi huo unaweza kuonekana wa kiufundi tu, lakini ndio uliowezesha watu wasiojuana kugawana kazi ya maelfu ya kurasa bila kukanyagana, na ndio uliofanya tafsiri isiyokamilika iweze kutumika, kwani mahali palipokosa faili la tafsiri mfumo uliweka lile la Kiingereza.

Juu ya kila faili lililotafsiriwa, watunzaji wa PHP waliweka mstari mmoja ambao msomaji wa kawaida hauoni, kwa kuwa umeandikwa kama maelezo yaliyofichwa ndani ya faili. Mstari huo una mambo matatu: namba ya toleo la Kiingereza ambalo tafsiri ilifanywa kutoka kwalo, jina la anayelitunza faili, na hali ya kazi, kama imekamilika au bado. Programu ndogo ilipita katika mafaili yote, ikalinganisha namba iliyoandikwa katika mstari na namba ya sasa ya faili la Kiingereza, kisha ikatoa jedwali la mafaili yaliyopitwa na wakati, kila moja likiwa na jina la mtu wa kuulizwa. Mfasiri aliyeamka asubuhi akiwa na nusu saa hakuhitaji kusoma mwongozo wote kutafuta palipochakaa. Alifungua jedwali, akachukua faili moja, akaomba mfumo umwonyeshe tofauti kati ya toleo la zamani la Kiingereza na la sasa, akatafsiri sentensi zilizobadilika tu na kuandika namba mpya. Katika historia yote inayosimuliwa hapa ni vigumu kutaja ubunifu mdogo kuliko mstari huo uliofanya kazi kubwa kama hiyo. Ulipita katika mifumo mitatu ya kuhifadhi: katika CVS namba ilikuwa ya faili lenyewe, kwa mtindo wa nukta, mradi ulipohamia Subversion mwaka 2009 namba ikawa ya hifadhi nzima, tarakimu kadhaa mfululizo, na baada ya nyaraka kuhamia Git, namba ikageuka kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 40. Mstari ulibaki palepale juu ya faili.

Chini ya kila ukurasa wa mwongozo uliochapishwa mtandaoni, mradi uliwaruhusu wasomaji kuandika maoni yao: mfano uliowafaa, onyo juu ya tabia isiyotarajiwa ya kazi fulani, njia ya mkato. Maoni hayo yalikuwa mlango wa pili, uliokuwa karibu zaidi na wa wiki, na yalileta faida ambayo hakuna mwandishi rasmi angeweza kuileta, kwa sababu aliyekumbana na tatizo jana ndiye ajuaye kulieleza leo. Yalileta pia maswali yasiyo mahali pake, majibu yenye makosa na msimbo wenye hatari za kiusalama, ambao wanafunzi waliunakili bila kujua. Wajitolea walipaswa kuyapitia kila siku, wafute yasiyofaa na wayahamishie ndani ya ukurasa wenyewe yale yaliyokuwa na maarifa ya kudumu. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa adimu, maana kufuta ni kubofya, ilhali kuhamisha kulidai mtu ajue DocBook, awe na nakala ya hifadhi kwenye kompyuta yake na awe na ruhusa ya kuandika, ambayo katika mradi huo iliitwa karma.

Hapo ndipo ugumu wote ulipokutana. Mwanafunzi aliyeona neno limekosewa katika tafsiri ya lugha yake alitakiwa kusakinisha programu ya udhibiti wa matoleo, kupakua hifadhi nzima, kufungua faili lililojaa lebo, kusahihisha neno hilo bila kuacha lebo yoyote wazi, kuendesha programu ya kukagua mwongozo mzima, kutengeneza kiraka na kukituma kwa wenye karma. Lebo moja isiyofungwa ilitosha kuuzuia mwongozo wote usijengeke. Wengi waliishia hatua ya kwanza, na hawapaswi kulaumiwa.

Kutokana na hali hiyo, kundi la wajitolea, hasa wale wa tafsiri ya Kifaransa, lilibuni kihariri cha DocBook kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Hakikuzaliwa na waundaji wa lugha bali na wafasiri, na hilo linaonekana katika kila sehemu ya umbo lake. Upande mmoja wa skrini uliorodhesha mafaili yaliyopitwa na wakati, kama yalivyosomwa kutoka kwenye ule mstari wa juu. Orodha nyingine zilikuwa za mafaili yasiyotafsiriwa kabisa na ya yale yenye makosa ya lebo. Ukibofya faili, Kiingereza na tafsiri vilifunguka bega kwa bega, tofauti kati ya matoleo mawili ya Kiingereza zikiwa zimepakwa rangi. Mwenye karma alihifadhi kazi yake moja kwa moja katika hifadhi ya mradi. Asiye na karma aliruhusiwa kuingia bila akaunti ya mradi, akahariri vilevile, na mfumo ukageuza kazi yake kuwa kiraka kilichongoja mkaguzi wa lugha husika, ambaye alikiona ndani ya dirisha lilelile na kukikubali au kukikataa pamoja na sababu. Wiki na kiraka viliunganishwa hapo: mlango ukawa mwepesi kama wa Cunningham, na kilichoingia kikakaguliwa kama cha Wall.

Kihariri hicho kilikuwa na udhaifu wa kimsingi, nao ulikuwa kwamba kilifungwa kwa Subversion. Msimbo wa PHP ulihamia Git mwezi Machi 2012, nyaraka zikabaki nyuma kwa karibu muongo mmoja, na zilipohamia hatimaye, mwanzoni mwa muongo wa 2020, kihariri hakikuhama nazo. Nafasi yake ilichukuliwa na utaratibu wa jumla wa GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, utaratibu unaofanana kwa miradi yote na usiojua chochote kuhusu mstari wa juu wa faili wala kuhusu jedwali la tafsiri zilizochakaa. Aliyepoteza zaidi ni mfasiri, aliyekuwa amejengewa chombo kwa kipimo chake. Si haki kusema kwamba uamuzi ulikuwa mbaya, kwa kuwa chombo kinachotegemea watu wawili au watatu wa kukitunza ni mzigo kwa mradi wa kujitolea, lakini ni haki kusema kwamba kilichoachwa kilikuwa na maarifa ambayo kilichokuja hakikuwa nayo.

Barani Afrika swali la wafasiri lilikuwa limepata jibu jingine mapema. Shirika la Translate.org.za, lililoanzishwa nchini Afrika Kusini mwaka 2001 na Dwayne Bailey ili programu huria zipatikane katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi nchini humo wakati huo, liligundua kwamba watu wenye Kizulu au Kivenda safi hawakuwa lazima wale wanaojua kutumia CVS. Mwaka 2004 likatoa Pootle, mfumo wa kutafsiri kwa kivinjari ambao baadaye ulitumiwa na miradi mikubwa ya dunia, ikiwemo OpenOffice na LibreOffice. Pootle ilifanya kazi na mafaili ya mtindo wa PO, ambamo kila sentensi ya asili inafuatwa na tafsiri yake, na sentensi ya asili ikibadilika tafsiri ya zamani haifutwi bali huwekwa alama ya kuwa ina shaka mpaka binadamu aithibitishe. Wazo ni lilelile la mstari wa PHP, lakini limeshushwa kutoka kwenye faili hadi kwenye sentensi. Mgeni aliweza kutoa pendekezo, na mwenye ruhusa akalipitisha.

Mwaka huohuo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa KiLinux uliofanywa kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kukubaliana juu ya istilahi, kwa sababu watu kumi wanaotafsiri neno moja kwa namna kumi hutoa programu isiyoweza kutumika hata kama kila tafsiri peke yake ni njema. Kabla ya hapo, mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 na Martin Benjamin ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili waliotawanyika duniani wanaweza kuchangia maingizo kwa njia ya mtandao, mradi tu awepo mhariri wa kuyapitia. Kiswahili kwa hiyo hakikuingia katika historia hii kwa kuchelewa. Kilichokosekana ni mkono wa kudumu wa kutunza baada ya ufadhili wa kuanzishia kwisha.

Huku kwingine, lebo nzito zilikuwa zikiachwa. Nyaraka za lugha ya Python, zilizokuwa zimeandikwa kwa LaTeX, ziligeuzwa na Georg Brandl kuwa maandishi mepesi ya reStructuredText, na chombo alichokiunda kwa kazi hiyo, Sphinx, kilitolewa mwezi Machi 2008. Mtindo mwepesi zaidi, Markdown, ulikuwa umetolewa na John Gruber mwaka 2004. Huduma ya Read the Docs, iliyoanza mwaka 2010, ilijenga nyaraka upya kila msimbo ulipobadilika, na kutunza kila toleo kwa anwani yake. Mwaka 2011 GitHub iliwezesha mtu asiye na ruhusa kubofya kitufe cha kuhariri juu ya faili la mradi wowote wa wazi: mfumo ulimtengenezea nakala yake ya hifadhi, ukaandaa kiraka na kukipeleka kwa watunzaji kama ombi la kuunganishwa. Hatua ambazo mwanafunzi wa PHP alizifanya kwa mkono zikawa za kitufe kimoja, ingawa bado alihitaji akaunti na kiasi cha Kiingereza cha kujieleza kwa mkaguzi.

Mradi wa Mozilla, unaotengeneza kivinjari, ulizijaribu njia zote mbili, ile ya wiki na ile ya kukagua kabla ya kuchapisha, kwa kupokezana, na kwa hiyo unafaa kutazamwa kwa karibu. Nyaraka zake za teknolojia za wavuti zilirithi maandishi ya Netscape, kampuni ya kivinjari cha awali, yaliyoachwa tovuti yake ilipofungwa mwaka 2004. Mwaka 2005 zikafunguliwa kama wiki juu ya MediaWiki, mwaka 2008 zikahamia wiki nyingine iliyoitwa Deki, na mwaka 2012 zikahamia Kuma, programu ambayo Mozilla iliiandika yenyewe. Kwa miaka hiyo yote msomaji mwenye akaunti alibofya, akahariri, na kazi yake ikaonekana mara moja. Tovuti ikawa mojawapo ya marejeo yanayoaminiwa kuliko yote katika fani yake, hata kampuni zinazoshindana na Mozilla katika soko la vivinjari, zikiwemo Google na Microsoft, zikatangaza mwaka 2017 kwamba zitashirikiana kuiandika. Lakini kadiri ilivyoaminiwa ndivyo ukaguzi wa baada ya kuchapisha ulivyowaelemea watunzaji, ambao walipaswa kuyakimbilia mabadiliko yaliyokwisha kusomwa na watu.

Mwezi Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo waandishi wa nyaraka hizo, na mwezi Desemba mwaka huohuo wiki ikaondolewa. Kurasa zote ziligeuzwa kuwa mafaili katika hifadhi ya Git, na tangu hapo kila badiliko likawa ombi la kukaguliwa kabla ya kuchapishwa. Kazi ya kuyageuza mafaili ya Kiingereza kutoka lebo za HTML kwenda Markdown ilianza mwaka 2021. Mwezi Januari 2021 lilianzishwa shirika la Open Web Docs, linalokusanya fedha za kuwalipa waandishi, na kuanzishwa kwake kulikiri waziwazi kwamba ukaguzi wa kabla ya kuchapisha ni ajira, si hisani ya jioni. Kwa wafasiri mabadiliko yalikuwa makali zaidi. Chini ya wiki, lugha nyingi zilikuwa na kurasa zao, nyingine chache na zilizochakaa, zikihaririwa na yeyote aliyepita. Katika mfumo mpya kurasa zisizo za Kiingereza zilifungiwa kwanza zisibadilishwe, kisha zikaanza kufunguliwa lugha moja baada ya nyingine, kwa sharti kwamba lugha iwe na kundi la watu waliojitolea kukagua maombi yanayoingia. Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kichina, Kirusi, Kireno cha Brazil na Kihispania zilipata makundi hayo na kufunguliwa, na nyingi kati ya zile ambazo hazikuwapata watu wa kuzisimamia ziliondolewa.